Herufi za kanga ukutani: kadibodi, fomu, sufi au plaiwudi?

Anayekwenda Mchangani, Unguja mjini, kutafuta kanga ya kutengenezea herufi za ukutani huangalia maua na rangi, akachagua, akalipa, akarudi nyumbani na furaha yake. Mwili wa herufi huja kuufikiria mwisho, na mara nyingi hautafuti dukani: anakata boksi lililoletea mafuta ya kupikia. Masika yakiingia, kanga bado nzuri vile vile, lakini K imejipinda kama ng'onda na A imeanguka usiku wa manane ikawaamsha watu.

Ndiyo maana tathmini hii inaanza na ndani ya herufi, kitambaa kitafuata. Tumechukua miili minne inayotumika Unguja na Pemba: kadibodi ya boksi, fomu nyeupe, herufi ya kushona na kujaza, na plaiwudi. Zote tumezipima kwa herufi ya ukubwa mmoja: sentimita 20 kwenda juu, 15 kwa upana, na mkono wa herufi, yaani ule mstari mnene unaoiunda, sentimita 4.5. Ukubwa huo unasomeka vizuri kutoka upande wa pili wa ukumbi. Neno KARIBU kwa kipimo hicho linakula sentimita 95 za ukuta: herufi tano za 15, I ya 5, na nafasi tano za sentimita 3 baina yake. Pima ukuta kabla ya kukata chochote. Jina la herufi nane linaweza likakosa pa kukaa baina ya mlango na dirisha.

Kadibodi ya boksi

Ni bure, inakatika kwa wembe, na haihitaji fundi. Tabaka moja halifai hata kwa siku moja, kwa sababu linakunjika pale mifereji yake ilipolala. Tumia tabaka tatu, na lile la kati ligeuze ili mifereji yake ikingamane na ya yale mawili ya nje. Hapo unapata unene wa karibu sentimita 1 na ubao usiokubali kukunjwa kwa mkono. Gandisha kwa gundi nyeupe ya mbao iliyopakwa nyembamba, lalisha penye sakafu iliyo sawa, funika kwa ubao na mfuko wa mchele juu yake, uache mpaka asubuhi. Ukikata kabla haijakauka tabaka zinateleza na ukingo unatoka ngazi ngazi. Wembe uwe mpya, maana butu unaisaga mifereji badala ya kuikata. Pitisha mara tatu nne kwa wepesi, usitake kumaliza kwa mkato mmoja wa nguvu.

Kosa kubwa la kadibodi ni kupinda, na unyevu wa hewa si sababu pekee. Kitambaa kilichobandikwa kwa gundi ya maji hujivuta kinapokauka. Kikiwa upande mmoja tu, kinaivuta kadibodi kama kamba inavyovuta upinde. Dawa yake ni kubandika karatasi nyuma, kwa gundi ile ile na siku ile ile, ili pande mbili zivutane. Wengi hawafanyi hivyo kwa sababu nyuma hakuonekani, kisha wanailaumu hewa ya bahari.

Jambo jengine: maandishi ya boksi. Kanga nyepesi yenye uwanja mweupe au wa manjano inaonyesha kilicho chini yake, na mshale mwekundu wa "upande huu juu" utasomeka ndani ya herufi yako mpaka siku utakapoitupa. Bandika karatasi nyeupe kwanza. Na uji wa ngano usiutie hapa kabisa, hata kama gundi imekwisha na duka limefungwa. Mende na panya wanaujua kabla ya wageni kufika.

Kwa harusi, akika, maulidi ya nyumbani au sherehe ya skuli, kadibodi inatosha na hakuna haja ya kutumia fedha zaidi. Kwa ukuta wa kudumu tunaipa alama ya chini.

Fomu nyeupe

Ile inayokuja na televisheni na friji. Za masanduku ya samaki ziache huko huko soko la samaki la Malindi, harufu haitoki. Fomu ni nyepesi mno, haijali unyevu, haipindi. Ubaya wake ni kukata: kisu kinang'oa punje punje na ukingo unabaki kama mkate uliotafunwa. Kisu chembamba chenye meno, kikipitishwa kwa mwendo wa msumeno bila kukandamiza, kinapunguza adha hiyo, hakiiondoi. Fomu ya unene wa chini ya sentimita 2.5 usihangaike nayo, inavunjika shingoni kwa R na K.

Ina raha moja ambayo miili mingine haina: unaweza kuivisha bila gundi. Nyuma ya herufi, nusu sentimita kutoka ukingoni, chimba kwa ncha ya kisu mfereji wa kina cha sentimita 1 unaoizunguka herufi yote. Kitambaa kikishafunika uso na ubavu, ncha zake unazisukumiza ndani ya mfereji kwa mpini wa kijiko. Fomu inakibana chenyewe. Ukichoka na kanga hiyo, unaichomoa na kuvisha nyengine kwa nusu saa.

Anayetaka kutia gundi aangalie. Gundi ya fundi viatu, ile ya manjano, inaila fomu papo hapo na kuacha shimo. Gundi ya kubana haraka inafanya vivyo hivyo. Gundi ya moto ya bunduki inaiyeyusha pale inapogusa. Kati ya hizi za kawaida, gundi nyeupe ndiyo salama. Na fomu inashika moto kwa urahisi sana, kwa hivyo isikae jikoni wala karibu na pahala pa kuwashia udi.

Ya kushona na kujaza

Hii ndiyo inayopendeza chumba cha mtoto: laini, haina kona ya kumgonga mtu, ikianguka haivunji kitu. Ndiyo pia inayowadanganya watu kwenye vipimo. Mkono wa herufi wa sentimita 4.5 ukishajazwa unavimba na kusinyaa kwa upana, na ukijaza mpaka uwe mviringo kamili unabaki chini ya sentimita 3. Chora mkono wa sentimita 6 hadi 7, kisha ongeza sentimita 1 ya mshono kuzunguka.

Shona pande mbili uso kwa uso, mshono mfupi wa milimita 2, ukiacha mlango wa sentimita 6 mahali palipo nyooka. Usiuache kwenye kona wala mviringo, hutaweza kuufunga vizuri. Kabla ya kupindua, chanja miviringo yote kila sentimita 1 na kata kwa ndani kila kona inayoingia mpaka karibu na uzi. Herufi isiyochanjwa ikipinduliwa inakunjamana kwenye makwapa yake, na hakuna pasi itakayoinyoosha. Pindua kwa mpini wa mwiko mdogo. Ncha ya mkasi inatoboa.

Cha kujazia ni mjadala. Sufi ya msufi ni nyepesi na haipendi maji, jambo zuri kwa hewa yetu, lakini inaruka puani, inajikusanya mabonge baada ya muda, na inawaka kwa kasi. Jaza ukiwa umefunga kitambaa puani na feni imezimwa. Pamba ya nailoni ya mito inajaza kwa usawa zaidi na ikilowa inakauka upesi, na kwa kazi hii tunaipendelea. Vibaki vya nguo vilivyokatwa katwa ni vya bure lakini vizito, na herufi hutoka na vinundu kama ngozi ya stafeli. Ujazaji uanze kwenye ncha za mbali, vidonge vidogo vya ukubwa wa lozi, kisha uje katikati.

Herufi za miguu miwili, A, H, K, M, N, R, huchanua miguu zikitundikwa. Bandika kwa pasi, ndani ya upande wa nyuma, kile kitambaa kigumu cha kolani kabla ya kushona. Gharama ni ndogo na herufi inasimama wima.

Plaiwudi

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba. Plaiwudi ya milimita 6 haipindi kwa kitambaa cha kanga, inashika gundi vizuri, na herufi moja ya kipimo chetu ina uzito wa gramu 50 hadi 60 tu, kwa hivyo haitaki msumari mkubwa. Ya milimita 3 inapinda kama kadibodi. Ya milimita 9 inafaa herufi za sentimita 35 na kuendelea.

Usinunue ubao mzima. Ubao wa futi 4 kwa 8 unatoa herufi zaidi ya sabini za ukubwa huu. Nenda kwa seremala, ulizia vipande vilivyobaki, na umpelekee herufi zilizochorwa kwenye karatasi kwa kipimo halisi, ukizibandika mwenyewe juu ya mbao. Usimwachie achore kwa macho: seremala mzuri atakutolea S nzuri peke yake, na R nzuri peke yake, lakini zikikaa pamoja hazifanani unene. Mwambie mambo mawili kabla hajaanza. Kingo zipigwe msasa, matundu kwa ndani pia, na asipake vanishi. Mbao iliyopakwa vanishi haiinywi gundi, na kitambaa kinafunguka kama ganda la vitunguu.

Kuna mbao ya unga, ile mafundi wanayoiita MDF. Inakatika kwa ulaini wa ajabu na ukingo wake ni safi kuliko wa plaiwudi. Lakini ya kawaida inanyonya maji na kuvimba, na ikishavimba hairudi. Kwa nyumba yenye kuta kavu na feni inayozunguka kutwa, sawa. Kwa chumba cha chini Mji Mkongwe, hapana.

Mwenye nyumba yenye mchwa ajue kwamba plaiwudi na kadibodi kwa mchwa ni chakula kimoja.

Kitambaa

Doti moja ya kanga ni mengi. Upande mmoja, wa karibu sentimita 150 kwa 110, ukikatwa vipande vya 30 kwa 25 unatoa ishirini kwa hesabu ya rula. Ukitaka kila herufi ipate ua lake zuri, utapata sita hadi nane. Upande wa pili wa doti uhifadhi kwa akiba na kwa mto wa kochi wa rangi moja na herufi.

Watu hukimbilia mji wa kanga, yaani uwanja wake wa kati, kwa sababu ndimo lilimo pambo kubwa. Kwa herufi, pindo ndilo lenye mali. Mkono wa sentimita 4.5 hauwezi kubeba nanasi la sentimita 20. Utaona kipande cha jani hapa na jicho la nanasi pale, na hakuna atakayejua ni nini. Pindo lina pambo dogo linalojirudia, na likilazwa kwa urefu wa mkono wa herufi linaonekana kama limechapwa kwa ajili yake. Korosho ndogo, matone, vitone vya kisutu, vyote hivyo vinakubali. Kanuni ya haraka dukani: funika kanga kwa viganja viwili, ukiacha baina yake ufa wa upana wa vidole vitatu vilivyoungana. Pambo likieleweka ndani ya ufa, linafaa.

Jina la kanga nalo lina mambo yake. Likikatwa, linasema lisilokusudiwa. Kanga yenye MDHANIAYE NDIYE SIYE ikaangukia mkasi vibaya, herufi ya kwanza ya jina la bibi harusi inaweza kubaki na SIYE peke yake katikati ya kifua. Ama likate lote ulitupe, ama lilaze zima kwenye mkono mrefu wa I au L kama linaenea.

Kitenge kizuri cha pamba kinafaa, ila kipya kina ugumu wa kiwandani unaoizuia gundi isiume. Kioshe mpaka kilainike. Kikoi ni kinene na kinakaa vizuri kwenye herufi zilizonyooka, lakini michirizi yake ni shahidi: herufi ikikaa pogo kwa milimita 3, mchirizi utasema. Satini tunaikataa moja kwa moja. Kila tone la gundi linabaki kama doa la mafuta, na ukingo unafumuka ukiwa bado mkononi.

Pamba au si pamba, jaribu kwa uzi mmoja na njiti ya kibiriti, juu ya sinki. Uzi wa pamba unaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu. Wa plastiki unayeyuka na kuganda kijiwe kigumu. Cha plastiki kinakataa kukunjwa. Unakibandika ukingoni, unageuka kuchukua brashi, ukirudi kimesimama.

Kanga zote zioshwe kwanza, hasa nyekundu na nyeusi. Gundi nyeupe ina maji ndani yake, na maji hayo yanaivuta rangi isiyotulia mpaka kwenye uwanja mweupe. Kutia chumvi au siki hakuizuii rangi iliyokwisha tiwa kiwandani. Kinachosaidia ni kuosha na kusuuza mpaka maji yatoke safi. Jaribio: lowesha pembe, ibane kwa kitambaa cheupe chini ya pasi ya moto. Kitambaa cheupe kikipata rangi, osha tena. Kisha piga pasi. Mkunjo uliobaki siku ya kubandika utakuwapo siku zote.

Kuvisha

Paka kingo za plaiwudi, na za ndani ya matundu, rangi inayokaribiana na kanga. Rangi ya maji ya ukutani iliyobaki nyumbani inatosha. Ni kazi ya dakika kumi, na ndiyo itakayoficha kila mwanya utakaoachwa na mkasi.

Kata kipande kinachozidi herufi kwa sentimita 3 kila upande. Kilaze uso chini. Herufi nayo ilale uso chini juu yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wakiilaza herufi uso juu, hutoka imegeuka kama kwenye kioo. A, H, I, M, O, T, U, V, W na Y hazijali. B, C, D, E na K zinaweza kuokolewa kwa kugeuzwa juu chini, ila pambo nalo litapinduka. F, G, J, L, N, P, R, S na Z zikikosewa zimekosewa, na neno kama ZANZIBAR lina nne za namna hiyo.

Gundi ya kupaka uso wa herufi iwe sehemu tatu kwa moja ya maji, ipakwe kwenye mbao, si kwenye kitambaa, kwa brashi ya bapa. Ngoja dakika mbili tatu mpaka inanata kidoleni bila kulowesha. Ukibandika ingali majimaji, inapenya kanga na kuacha mabaka ya kung'aa ambayo hayatoki. Laza, pindua, na ukipapase kitambaa kwa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda nje. Weka chini ya kitabu kizito, baina yake karatasi nyeupe. Gazeti linaacha wino. Saa nzima ipite kabla ya kukunja kingo. Ukikunja mapema, unauvuta uso na pambo linakwenda upande.

Kingo zinataka gundi kamili, bila maji. Anza na zilizonyooka, mbili zinazotazamana kwa pamoja. Miviringo ichanjwe kila sentimita 1, ukiishia milimita 3 kabla ya mbao, kila ulimi ukunjwe peke yake. Kona inayotoka nje ikunjwe kama kona ya shuka ya kitandani, kisha punguza kitambaa kilichorundikana. Kona inayoingia ndani, kama za E na T, ikatwe mkato mmoja mpaka milimita 2 kutoka kona, na tone la gundi pale pale ili uzi usiendelee kufumuka.

Bunduki ya gundi ya moto inaharakisha kingo, lakini inaacha nundu chini ya kanga nyepesi, inachoma vidole, na umeme ukikatika katikati ya S unabaki umeishika. Gundi nyeupe inachelewa lakini haikutupi.

Sasa matundu. Neno KARIBU lina manne, makubwa na madogo: A moja, R moja, B mawili. Hapo ndipo nusu ya muda wote inapokwenda, na ndipo herufi ya fundi inapojulikana.

Tundu la A limejificha kwenye vipimo. Kwa upana wa 15 na mkono wa 4.5, mkingamo ukianza sentimita 3 kutoka chini na wenyewe ukiwa na unene wa 3, tundu lina upana wa chini usiofika sentimita 3. Kidole hakipati pa kugeukia, achilia mbali brashi ya bapa. Ipanue A hadi sentimita 17, tundu linapita 4, na jicho halioni tofauti kwa sababu A ikiwa sawa na wenzake kwa rula huonekana nyembamba. Ongeza basi sentimita 2 kwenye ile hesabu ya ukuta.

Usikate tundu lote kufuata mbao, utakosa kitambaa cha kukunjia. Tafuta kitovu chake, kata kutoka hapo kwenda kila kona, simama milimita 2 kabla. Pembetatu ya A inatoa ndimi tatu. Zivute nyuma zote, na ule ulio kwenye ncha ya juu upunguze kwa sababu unajikunja juu ya mwenzake. Tundu la R na B lina upande mmoja ulionyooka, huo ni ulimi mmoja mzima, na upande wa mviringo, huo uchanjwe kama feni kila milimita 8. O inataka mikato 12 hadi 16. Baina ya ndimi mbao itaonekana, na hapo ndipo utakaposhukuru kwamba uliipaka rangi.

Asiyetaka adha hiyo aache A bila tundu, abandike mbele yake pembetatu ya kitambaa cha rangi ya ukuta. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Ukutani hakuna anayeuliza.

Kutundika

Kuta za Mji Mkongwe, za mawe na chokaa, hazipendi misumari. Unagonga mmoja, linaanguka pande la ukubwa wa kiganja. Selotepu ya pande mbili nayo inaondoka na unga wa chokaa, herufi na vumbi lake. Kwa nyumba hizo tundika kutoka juu: mshipi wa kuvulia, mwembamba, kutoka kwenye boriti au kutoka kwenye ubao mmoja mrefu uliofungwa mahali pawili tu palipo pagumu. Kamba ya usumba iliyopigwa ukutani kwa mlalo, herufi zikining'inia chini yake, inapendeza kuliko mshipi na inachukua uzito bila shida.

Kwenye tofali la saruji lililopakwa rangi ya mafuta, selotepu ya pande mbili inashika herufi za plaiwudi na fomu. Kwenye rangi ya maji inang'oa rangi. Tumia msumari mfupi wa zege.

Usitumie steple wala pini za chuma kushikia kitambaa nyuma. Hewa ya bahari inazitia kutu, na kutu hiyo inatokeza mbele ya kanga kama doa la chai.

Kitanzi kiwe kipande cha kikoi cha sentimita 2 kwa 6, kimebandikwa nyuma kwa gundi kamili na kuachwa siku nzima. F, L, P, K na R hazina uzito sawa pande zote, kwa hivyo kitanzi cha katikati kwa rula kitaziinamisha. Shika herufi kwa vidole viwili kwenye ukingo wa juu, sogeza mpaka isimame wima, hapo ndipo pa kitanzi. Au tia viwili.

Halafu vifuniko vya chupa za maji. Bandika viwili au vitatu nyuma ya kila herufi, chini na juu, ili baina ya mbao na ukuta pawe na mwanya wa hewa wa karibu sentimita 1. Ukungu hauanzii mbele ya kanga, unaanzia nyuma, pale herufi iliponata na ukuta uliolowa. Vizibo vya soda ni vya bati, vitaota kutu, usivitumie.

Juu ya kitanda cha mtoto mchanga isining'inie herufi yoyote kwa kamba au mshipi.

Ukinunua iliyokwisha tengenezwa

Kwenye maduka ya zawadi na kwa mafundi wanaotengeneza kwa oda, mbele ya herufi hapakwambii kitu. Igeuze. Kingo za nyuma ziwe zimefunikwa kwa karatasi au kitambaa, tena zimeshikwa mpaka mwisho. Pitisha ukucha kwenye kona ya ndani ya tundu: kitambaa kikinyanyuka leo, kesho kitakuwa kimefumuka. Bonyeza katikati ya mkono mrefu kwa kidole gumba; ikididimia ni boksi la tabaka moja. Harufu kali ya gundi ya viatu ina maana madoa ya manjano yatatokeza baadaye kwenye uwanja mweupe. Na mwulize muuzaji kama kanga ilioshwa. Akicheka, rangi itatoka.

Kwa Pemba, Chake Chake na Wete kanga na maseremala wapo. Anayeagiza herufi kutoka Unguja azisafirishe zimelala, uso kwa uso, na kitambaa laini baina yake.

Utunzaji ni brashi kavu mara moja kwa wiki mbili. Usifute kwa kitambaa kilicholowa, gundi nyeupe ikikutana na maji inalegea na kingo zinafunguka. Ukungu ukianza nyuma, ishushe, anika mgongo wake juani nusu siku, uso ukiangalia kivuli, kisha uipige brashi nje ya nyumba. Kanga ikipauka, lowesha kingo za nyuma kwa maji ya vuguvugu, ngoja robo saa, na uimenye. Plaiwudi ile ile, ikishakauka siku mbili na kupigwa msasa mwepesi, inavaa doti nyengine.